Marehemu Aidani Makungu, Aliyemsomesha Mwanawe kwa Mawe ya Visimani

Aidani Makungu alizaliwa hapa Mbweni tarehe 14 Machi 1929, mtoto wa pili wa marehemu Petro Makungu na Bi Sichana. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo huo.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1937 hadi darasa la sita. Mwalimu wake alitaka aendelee, lakini mwaka 1943 baba alifariki, na Aidani akaingia kazi ya baba: kuchimba visima. Alichimba thelathini na kimoja, kutoka Mbweni hadi Mkokotoni, na hakuna kilichokauka ila cha nyumbani kwake mwenyewe.

Mwaka 1958 alimfanyia kazi mpima mmoja aliyekuwa akitafuta maji. Mpima huyo alimweleza kuwa mawe ya kisiwa hiki ni matumbawe yaliyokuwa hai, zamani bahari ilipokuwa juu yetu. Tangu hapo Aidani hakutoka kisimani mikono mitupu; kila mara alipanda na jiwe lenye alama ya tumbawe au kombe la bahari.

Alifunga ndoa na Bi Veronika katika kanisa la Mkunazini tarehe 5 Januari 1957. Walizika watoto wawili wachanga kabla ya kumpata Anastasia, tunayemwita Mize, tarehe 3 Agosti 1961. Benedikta alifuata mwaka 1969.

Mize alipokuwa na miaka minane, Aidani aliitandaza uani kamba yake ya pima kumi. “Huku dunia inaanza, moto mtupu,” alimwambia, akishika ncha moja. “Hapa maji. Hapa samaki. Hapa bahari inafunika Unguja yote.”

“Na sisi, baba?”

Alimwonyesha uzi mmoja uliochomoza kwenye ncha ya pili.

“Na Bibi yumo?”

“Yumo. Na Adamu yumo.”

Bi Sichana aliposikia alikasirika, akasema Mungu alimaliza kwa siku sita. Mize akamuuliza, “Bibi, jua liliumbwa siku ya nne. Hizo tatu za mwanzo zilipimwa kwa saa gani?” Bi Sichana alicheka hata akajifunika kanga usoni. “Muulize baba yako, mimi nna wali jikoni.”

Jumamosi iliyopita, tarehe 9 Oktoba 1971, Aidani alikuwa akichimba kisima Fuoni pamoja na mdogo wake, Hilari, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Mchana Mize alileta chakula. Baba yake alimweleza kuwa chini ameona kombe la bahari, kubwa kama sahani, limeganda ukutani. Mize akasema, “Niletee, baba.” Walikula. Baadaye Aidani alishuka tena, na ukuta uliolegezwa na mvua ukamwangukia.

Tulimtoa akiwa hai, tukamfikisha hospitali mjini. Kifua kilikuwa kimepondeka. Jumapili aliuliza, “Mize anakula?” Hilari hakuweza kumdanganya. Alimwambia mtoto hajatia kitu mdomoni, anasema yeye ndiye aliyemponza baba yake kwa kumwagiza kombe.

Aidani alifumba macho. Alipopata pumzi alisema, “Nilisahau mtaimbo. Nilishuka kufuata mtaimbo, na maji yalikuwa yanaingia. Mwambie. Mwambie mbele za watu, asije akadhani mnambembeleza.”

Hakusema tena. Alifariki Jumatatu, tarehe 11 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mama yake, Bi Sichana, ambaye huyu ni mtoto wa tatu kumzika; mjane, Bi Veronika; mdogo wake, Hilari; na binti zake, Benedikta na Mize.

Mize, mwanangu, inua uso. Mimi ami yako ndiye niliyeshika kamba. Kabla ya kushuka baba yako aliniambia kwa mdomo wake, “Nisubiri, nimeacha mtaimbo.” Hakukwenda kufuata kombe. Watu wote hawa wamesikia. Leo utakula.

Mwenyezi Mungu ampokee Aidani na ampe pumziko lenye amani.