Daraja la Gita Lililotoka Kabatini

Risala ya Kikundi cha Mafundi wa Gita cha Chepseon kwa Injinia Sally Chelimo, ikisomwa na katibu wa kikundi, Beverly Apiyo

Mgeni rasmi, Injinia Sally Chelimo, mwenyekiti wetu Mzee Isaiah, wachungaji, wapigaji gita mliotoka Merigi na Kipkelion, na nyinyi majirani mliosimama nje ya hema kwa sababu viti vimeisha: hamjambo.

KARIBU

Injinia, karibu Chepseon. Unatujua. Kwetu mtu akipita barabarani anaitwa, akiitwa anakaa, akikaa anapewa chai, na kikombe kikifika nusu tayari tunajua ameoa wapi. Leo tumekuwekea hema na kwaya, lakini tunakukaribisha tukiangalia viatu vyetu. Kadi za mwaliko zilisema tunazindua daraja jipya la gita. Hatuna cha kuzindua. Wewe unajua kwa nini. Hawa wengine watajua sasa hivi, maana tumekubaliana tuseme wenyewe kuliko kuwaachia watu wa soko.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianza wakati mashine za kuchuna majani zilipoingia mashambani na mikono ya watu ikakosa kazi. Wengi wetu ni watoto wa waliotoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi ya chai. Wengine ni wenyeji, wana ng'ombe na mashamba yao. Jackton Ooko, aliyekuwa fundi wa karakana, alianza kutengeneza gita za makanisa kwenye veranda yake. Mmoja alikuja kungojea gita lake, akabaki kusaidia. Mwingine alikuja kusikiliza umbea, akabaki kushika tupa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa kikundi, hatutaki kudanganya.

Kwa wasiojua, daraja ni kile chuma ambacho nyuzi zinakalia kwenye tumbo la gita. Lile la tremolo lina mkono: ukiusukuma sauti inayumba, ukiuachilia inarudi. Taabu ni kwamba kwa madaraja mengi hairudi pale ilipotoka, na wimbo unaharibika. Lako, Injinia, linabana kila uzi kwa skrubu, hauna pa kuteleza. Una hataza yake, yaani cheti cha serikali kinachosema wazo ni lako na anayetaka kulitengeneza akuombe. Tulikuomba. Ukatupa leseni, sisi watu wa veranda.

TULICHOFANIKIWA

Kwa leseni hiyo tumepata karakana yenye mlango. Watu wanaleta gita kutoka Sotik na Londiani. Eucabeth, anayepaka rangi na kutupikia, amemlipia binti yake chuo hadi akamaliza.

Wapigaji hawakukosa la kusema, hata hivyo. Uzi ukikatika katikati ya ibada, lazima utafute kile kispana kidogo cha pembe sita cha kulegezea skrubu, ukate kishanga kilicho mwisho wa uzi mpya, ndipo uufunge, huku mchungaji akirudia "Bwana asifiwe" mpaka waumini wanachoka kuitikia. Uliyasikia hayo, ukaenda ukachora upya. Sasa kishanga kinaingia kizima, na mpini mdogo unabana uzi kwa kidole tu. Ulimwachia Jackton michoro atengeneze la mfano, ili wewe ulijaribu kwanza kabla ya kupeleka ombi la hataza ya pili. Ukatuambia, "Msimwonyeshe mtu mpaka niwaambie." Tukaitikia sawa, wote, kwa sauti kubwa.

AIBU YETU

Risala zingine hapa huandika changamoto: stima, maji, barabara ya matope. Tunazo. Leo tunaziruka.

Jackton alilimaliza lile daraja, na lilikuwa zuri. Alililaza kwenye kabati, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Siri ilimwasha kama upupu. Huyu ni mtu ambaye akinunua soksi mtaa mzima unaziona. Alikuwa akifungua kabati asubuhi, anaangalia, anafunga, anachekacheka peke yake.

Ndipo akaja mgeni aliyejiita Mathew, mpiga besi, anatafuta springi. Alikuwa mtu wa stori, na sisi tunawapenda watu wa stori.

"Ndugu, kaa kwanza," Jackton akamwambia. "Kwetu hakuna mtu wa kusimama."

Eucabeth akaleta chai. Mathew akatuchekesha mpaka wa duka la pili wakaja na viti vyao. Halafu akasema, polepole, kwamba mafundi wa Nairobi wanasema huku mashambani tunajua tu kuunga nyaya.

Jackton aliinuka. Alikuwa ameshatia ufunguo kwenye kabati kabla hajajua anafanya nini. Hivyo ndivyo anavyosema, na sisi tunamwamini kwa sababu tulikuwa tunamwangalia.

"Jackton," Mzee Isaiah akasema, "Injinia alisema hiyo isitoke kwa kabati."

"Mzee, nimeitoa kwa kabati, sijaitoa kwa nyumba."

Tukacheka. Injinia, tunaomba usikie hapo vizuri: tulicheka wote, mwenyekiti akiwemo, na mimi ninayesoma nilipiga meza. Mathew akauliza mpini unakazwaje, Okoth, fundi mwenzetu, akamweleza. Akaomba kupiga picha, Eucabeth akasogeza vikombe mwanga uingie. Alipoondoka tulimsindikiza hadi stendi.

Miezi ikapita. Siku moja Johana, mpigaji wa Merigi, akaingia na pakiti mbili mkononi. "Nyinyi watu, mnauzia maduka ya mjini na hamtuambii? Nimenunua yenu, ila jina mmebadilisha."

Jackton akafungua moja, akaligeuza daraja lililokuwa ndani. Kwenye lile la mfano tupa ilikuwa imemponyoka, ikaacha mchubuko karibu na mpini. Mchubuko uleule ulikuwepo hapo, umemiminwa pamoja na chuma: aliyeiga picha aliiga na kosa. Akafungua pakiti ya pili ya Johana. Ulikuwepo tena. Akaketi kwenye ndoo ya rangi, madaraja yote mawili mapajani.

Alitaka kukupigia simu saa hiyohiyo. Sisi tukamzuia. Tulisema tungoje tuone, labda ni bahati mbaya, labda Injinia hataenda mjini. Kadi zilikuwa zimeshachapishwa, na hatukutaka kuharibu sherehe. Tulikuwa tukipika sherehe ya kitu ambacho tayari kilikuwa kimeibiwa mikononi mwetu. Halafu habari zikafika kwamba aliyeliiga amepeleka ombi la hataza kwa jina lake.

Jackton hakungoja ruhusa tena. Alikuja kwako Kipkelion peke yake. Anasema ulimsikiliza ukiwa umesimama, ukauliza kama amekula, kisha ukasema, "Nitakuja siku ileile mliyonialika." Basi. Tumelipindua neno hilo kila upande, na hadi sasa hatujui umetuletea nini.

Na bado hatujafika mwisho wa aibu. Katika mkutano, mmoja wetu alisema tumtoe Jackton, tuseme ni kosa lake, leseni ibaki. Wengi waliitikia kwa kichwa. Jackton alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye benchi. "Sawa," akasema. "Mimi ndiye nilifungua." Hakugomba hata kidogo. Eucabeth ndiye aliyesema: "Na picha zilipigwa kwa mwanga wa nani? Mvalisheni huyo mtu aproni yake."

MAOMBI

La kwanza, Injinia, tunaomba utuite popote ombi la yule mtu litakapopingwa. Tutakwenda na lile la mfano, tuseme mbele ya wakubwa kwamba wazo ni lako na kwamba lilipitia midomoni mwetu. Watatucheka. Waache watucheke.

La pili ni leseni ya daraja la zamani. Hatuna haki ya kuidai. Ukiichukua, ichukue kwetu wote. Ukiiacha, tuachie pamoja na Jackton. Usitusaidie kumtenga, jambo hilo tulikaribia kulifanya bila msaada wako.

La mwisho ni la ratiba. Kwetu maombi husomwa mgeni akishakula, na kila mtu hapa anajua sababu: aliyekula nyama ya watu na kunywa mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu chao, huona haya kuwakatalia. Leo tumesoma kwanza. Sufuria ziko motoni na hakuna aliyepakua. Tunakuomba usimame utujibu ukiwa hujaonja kitu chetu. Hata ukisema tumeishia hapa, Eucabeth atakuletea maji ya kunawa, na sahani yako itakuwa ileile.

Mungu akuhifadhie kazi ya mikono yako kuliko tulivyoihifadhi sisi, na akufikishe Kipkelion salama.

Ni sisi, Kikundi cha Mafundi wa Gita cha Chepseon, Jackton Ooko akiwa ndani.