Harusi Iliyogoma Kufunguka

Benchi lilikuwa la Fundi Viti mwenyewe, limeegemea ukuta wa karakana yake, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, maana mganga hajigangi. Asubuhi hiyo hakuna aliyelijali. Kompyuta ya rafiki yake, aliyeitwa Gazeti, ilikaa katikati, kando ya birika la kahawa, ikiionyesha harusi ya binti wa Fundi kama vijisanduku vyeupe, mamia kwa mamia, visivyo na sura ya mtu hata mmoja. Mpiga picha alikuwa ameacha picha kwenye flashi, akasafiri. Kwenye simu alijibu kwa mkato: hizo ni faili ghafi, zilivyotoka kwenye kamera, lazima zigeuzwe kwanza ndipo zifunguke. Fundi alikuwa amekasirika tangu juzi, na alikuwa na haki. Siku ya harusi mkewe alikuwa amelazwa hospitali, hajaona chochote.

— Ghafi! — Fundi akafoka. — Mteja akiniagiza kiti, nimpelekee gogo? Nimwambie kalia hilohilo, likishageuzwa litakuwa kiti?

— Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, — akasema Breki, dereva mstaafu wa lori.

— Nani alimsifu?

— Si ndiyo maana!

— Hebu tulieni, — akasema Gazeti, ambaye hakuna asichokisoma, wala anachokimaliza. — Mimi nimeshazigeuza. Nimefuta zile herufi za mwisho kwenye jina la faili, nikaandika JPG, kama za picha za kawaida.

— Zimefunguka?

— Bado. Jina jipya halizoeleki siku moja.

Fundi akabonyeza. Kompyuta ikasema haiwezi kusoma. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama anayepigilia msumari.

— Nikiandika "kabati" kwenye kiti, wewe utatundika nguo?

— Huna subira, Fundi. Mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu ziko wapi hapa? Nionyeshe moja!

Breki akajimiminia kahawa, akashusha sauti.

— Nawaambia zimefungwa makusudi. Ufunguo anao mpiga picha, ameuvaa shingoni.

— Shingoni alivaa kamba ya kamera, Breki, — akasema Fundi. — Niliiona.

— Na wewe ukaamini ni kamba!

Gazeti hakukubali kupitwa.

— Hata yeye hana huo ufunguo. Wanao waliounda kamera. Wana ghala chini ya ardhi, kila harusi ya dunia hii imo humo. Wanakaa huko wanatazama shangazi zetu wakicheza!

— Hata shangazi yangu?

— Huyo ndiye wa kwanza.

— Watanikoma! — Breki akapiga goti, kahawa ikamwagika.

Fundi akasimama.

— Binti nimlee mimi, harusi niigharamie mimi, halafu watu wa ghalani wamwone, mama yake mzazi asimwone? Nasema huu ni uonevu! Mwanamke ametoka kitandani anauliza picha kila asubuhi, na mimi kila asubuhi namjibu upuuzi!

Hakuwa amemaliza mkewe alipotokea, anatembea polepole, mkono ukutani. Wakampisha benchi zima.

— Pole na kuugua, shemeji. Karibu kahawa.

— Nimeshapoa. Hazijafunguka?

— Tunapambana nazo, mama watoto, — Fundi akasema.

Mkewe akavitazama vile visanduku vyeupe, akaviacha.

— Basi zimsubiri mwenyewe arudi azigeuze. Nyinyi si mlikuwepo, wote watatu? Niambieni tu. Mwanangu alipoingia ukumbini, alikuwa anacheka au analia?

Gazeti akamtazama Breki. Breki akachungulia kikombe chake.

— Spika zilikuwa zinakoroma, shemeji. Mimi na Gazeti tulibishana nazo sana.

— Sijauliza spika.

Akamgeukia mumewe. Vigelegele vya kumpokea binti Fundi alivisikia, hilo alikumbuka. Alivisikia akiwa chini ya meza kuu, bisibisi mkononi, anakaza kiti cha bibi harusi kisije kikamwaibisha fundi. Mguu uliolegea aliukumbuka vizuri: wa nyuma, wa kushoto.