Kassimu Ameshakubali

Mheshimiwa Diwani, uliyevaa suti katika joto hili kwa heshima yetu. Bwana Anold, mwenye siku yako. Shemeji yetu Mama Tumaini, mke wake. Bi Modesta, unayekirithi kiti chake katika ofisi ya mizigo kuanzia Jumatatu. Mashehe na wachungaji. Ndugu zangu mawakala wa forodha, ambao hata mkila pilau hamvui tai. Na nyinyi madereva wenzangu wenye magari, wenye nusu gari, na wenye gari ambalo benki ndiyo inalijua jina lake: Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Waliobaki, habari za mchana.

Kwa asiyenifahamu, na sidhani kama yupo hapa Mtwara, mimi ni Amiri Chilumba, mwenye Fuso la bluu. Mwenye gari mimi, dereva mimi, na siku mbaya utingo ni mimi. Lubumbashi nimefika, Lilongwe nina watu wanaoniulizia mpaka leo. Shule niliishia darasa la saba, kwa sababu la nane lilikuwa linanichelewesha safari.

Nimeombwa niseme maneno machache ya kumuaga Bwana Anold, anayehamia makao makuu Dar es Salaam kwa cheo kikubwa zaidi. Neno lenyewe ni moja tu: tumekuelewa. Lakini kwa kuwa pilau halijaiva, naomba nilifafanue.

Bwana Anold, kaa vizuri, chukua na soda. Leo ni siku ya kusifiwa.

Ndugu wageni waalikwa, kazi ya Bwana Anold mnaijua. Mfanyabiashara ana korosho zake Newala au Tandahimba, anataka zifike ghala la bandarini. Sisi tuna magari. Katikati ya korosho na gari anakaa Bwana Anold na simu yake. Anampigia mwenye gari, wanaelewana bei, gari linapanda mlimani. Kazi nyepesi, mtasema. Lakini je, nani mwingine angeiweza kama yeye? Dizeli ilipanda. Tairi zilipanda. Chapati ya Mama Happiness, pale kijiweni kwetu karibu na geti la bandari, ilipanda na ikasinyaa. Bei ya kubeba gunia peke yake ndiyo ilibaki imetulia, haina presha, kama mgonjwa aliyechomwa sindano ya usingizi. Utulivu ule, mabibi na mabwana, haukuja wenyewe. Kuna mtu alikuwa anaulinda usiamshwe.

Na sayansi je? Tulimwendea siku moja tukamwambia, Bosi, tunapandisha saruji Newala kwa bei hii, tukirudi na korosho unatupa nusu yake, mbona? Akatutazama kwa huruma, akasema: "Kwani si ulikuwa unarudi tu?" Kumbe gari likiwa linarudi halili mafuta! Wajapani waliolitengeneza walikuwa hawajajua. Tangu siku hiyo nikirudi nafunika geji kwa kitambaa, nisije nikaiaibisha sayansi ya Bwana Anold.

Tukilalamika zaidi, anatujibu kwa uzalendo. Korosho ni dhahabu ya taifa, anasema, na wewe Amiri unahesabu lita? Nikaona aibu, nikaenda sheli na uzalendo wangu. Yule dada wa pampu akaniambia mashine yake haina kitufe hicho.

Na foleni ya getini, gari limesimama na mzigo siku tatu, siku nne, bila malipo. Tulipomfuata alisema: "Jamani, wenzenu wanalipa hoteli Shangani ili waione bahari." Ni kweli. Nimeiona bahari, Bwana Anold. Nimeiona mpaka samaki wananisalimia kwa jina.

Lakini hayo yote ni madogo. Kipaji chako kikubwa ni utabiri. Ulikuwa unajua mtu amekubali kabla mwenyewe hajaulizwa.

Kassimu mnamfahamu. Jirani yangu wa Chikongola, ukuta kwa ukuta. Tulinunua magari mwaka mmoja, Fuso na Fuso. Ila la kwake lina honi ya Scania, kwa sababu Kassimu anapenda makuu. Basi mimi na Kassimu tulikaa misimu miwili hatusalimiani. Mimi nilikuwa na hakika kwamba anayeshusha bei ni yeye, kwa kuwa kila Bwana Anold akinipigia alikuwa na sentensi moja: "Kassimu ameshakubali." Nifanyeje? Nikatae, Kassimu abebe, nyumbani kwangu wale upepo? Nikakubali. Tukipishana njiani nampigia honi ya matusi. Naye ananipigia ya kwake, ya Scania, ya kwangu inasikika kama imekohoa.

Mwaka jana, njia ya Nanyamba, senta bolti ya springi ikanikatikia. Gari likainama upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Mchana, jua kali, hakuna kivuli. Gari la kwanza kutokea, la nani? La Kassimu. Madereva mnajua desturi yetu: mwenzako akiharibikiwa njiani humpiti, hata kama unamchukia mpaka kucha. Akasimama. Hakunisalimia. Akachukua spana, akajitupa chini ya gari langu, akaanza kufungua. Na mimi nikaingia. Tumelala pale bega kwa bega, kama mke na mume walionuniana.

Simu yangu ikaita. Mikono ina grisi, nikabonyeza kwa kiwiko, nikaiweka spika. Bwana Anold huyo.

"Amiri, kaka yangu, nina mzigo wa Tandahimba. Bei imeshuka kidogo, usinikatalie, maana Kassimu ameshakubali. Yupo hapa ofisini kwangu anakunywa chai."

Nikageuza shingo. Kassimu huyu hapa, oili inamdondokea kwenye ndevu, ameng'ata spana.

"Anakunywa chai?" nikauliza.

"Ya maziwa," akasema Bwana Anold.

Nikamwambia nitampigia. Hata hatujamaliza kutazamana, simu ya Kassimu ikaita. Naye akaiweka spika. "Kassimu, mdogo wangu, fanya haraka. Amiri ameshakubali. Namwona hapo nje anafunga turubai."

Kassimu akakata simu. Akaitoa ile spana mdomoni, akaniambia maneno ya kwanza baada ya misimu miwili: "We Amiri, hilo turubai unalifunga kwa mguu?"

Tulicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni akadhani gari limetuangukia tumechanganyikiwa. Halafu kicheko kikaniishia. Maana katika misimu ile miwili Kassimu alikuwa amemwoza binti yake. Mimi jirani, ukuta kwa ukuta, ngoma ya harusi niliisikilizia ndani, dirisha limefungwa. Hilo nalo, Bwana Anold, liandikwe kwenye mafanikio yako. Mtu mmoja na simu moja, umeziba dirisha la nyumba ya watu.

Tuliporudi mjini tukaweka sheria kijiweni. Simu ya mzigo inapokelewa pale pale, juu ya meza ya Mama Happiness, kwenye spika, kila mtu asikie. Ukiwa barabarani unajibu, "Nipo kwenye usukani, Bosi," kisha unakuja kupiga mezani. Atakayenong'ona na dalali pembeni ananunulia meza nzima chapati. Josephu, usijifiche nyuma ya mtungi wa maji, nimekuona. Josephu alinunua mara mbili, akaongoka.

Lakini kwa Kassimu sheria ilichelewa. Bei za chai ya maziwa zilikuwa zimeshamla. Tairi ziliisha, akavuta siku, akavuta tena, mwisho gari likakaa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Wiki mbili zilizopita nilimwona mtu wa vyuma chakavu analipima chasisi kwa futi, kama fundi wa majeneza. Kassimu amesimama pembeni, anajifanya anatazama kuku.

Wiki hiyo hiyo Bwana Anold akapata uhamisho, na vyombo vyake vikataka gari la kwenda Dar es Salaam. Mnaona Mungu anavyopanga foleni zake?

Akampigia Josephu. Josephu akaiweka simu mezani. "Josephu, mwanangu, vyombo vichache tu, na bei ni ya kindugu. Amiri ameshakubali."

Josephu akanitazama. "Bosi, Amiri yupi? Huyu anayechovya chapati yake kwenye chai yangu?"

Simu ikakatika. Akampigia mwingine, ikaita hapo hapo mezani. Na mwingine, hapo hapo. Zinaita kwa zamu kama vyura wa masika, na kila mmoja anajibu bei ile ile. Bwana Anold akaacha kupiga. Nadhani aliona mtandao una matatizo.

Kesho yake akaja Mama Tumaini mwenyewe, kwa bodaboda, mkoba begani.

"Hamjambo, shemeji zangu."

"Hatujambo, shemeji. Karibu chai."

"Sikufuata chai. Nataka gari. Semeni bei yenu, na msinizungushe."

Tukaisema. Hakushtuka. Akauliza ndani yake kuna nini. Aliyemjibu ni Mama Happiness, huku anageuza ming'oko, viazi vyetu vya porini, jikoni, maana hesabu zetu ameshazisikia mpaka zimemchosha: "Mafuta ya kwenda. Mafuta ya kurudi, maana atarudi tupu. Tairi. Chakula cha dereva na utingo. Na cha kuacha nyumbani."

Mama Tumaini akafikiri kidogo. "Sasa hapo cha kupunguza ni kipi?" akasema. "Hiki ndicho mnachogombania na mume wangu miaka yote?"

Kila mtu akaangalia chini kwenye kikombe chake. Mheshimiwa Diwani, nimesikia hotuba nyingi za uchumi, mbili kati yake ni zako. Sijasikia iliyoizidi ile.

Basi sasa nije kwenye zawadi. Wengine wameleta vitenge, na ile saa ya ukutani yenye picha yako, inayochelewa kidogo, nadhani kwa heshima ya malipo yetu. Sisi wenye magari tulimwambia Mama Tumaini arudishe fedha zake kwenye mkoba. Tukachanga. Zawadi yetu kwako, Bwana Anold, ni nauli. Nauli nzima, ya haki, si ile ya kindugu, na tumemlipa Kassimu akubebee vyombo.

Na lile gari lililokuwa juu ya mawe? Kila mtu alishusha tairi yake ya akiba. Madirisha ya ukumbi yapo wazi, tazameni: gari la Kassimu hilo nje, limevaa tairi za watu sita, hakuna mbili zinazofanana, na limebeba kabati lako, friji lako, makochi yako na lile birika maarufu la chai ya maziwa. Mtu wa vyuma chakavu tumemrudisha na futi yake.

Kwa nini tukulipie? Kwa sababu tuligundua kwamba hujawahi kuiona. Mtu amefanya kazi ya mizigo miaka yote hii, anaondoka Mtwara hajui nauli kamili inafananaje! Tungekuwa wakatili.

Na niseme la kweli, nisiseme la masihara peke yake. Mama yangu alipolazwa, ulikuja, Bwana Anold. Ulileta machungwa, ukakaa naye mpaka jioni, ukamchekesha, na hukutaja mzigo hata mara moja. Ungekuwa mtu mbaya, kazi yangu ya leo ingekuwa rahisi. Wewe si mtu mbaya. Ulipewa simu tu, ukaona inafanya kazi. Huko Dar es Salaam ukiinyanyua, ukafika kwenye ile sentensi, mkumbuke Kassimu na spana mdomoni.

Bi Modesta, dada yangu, sasa nakuja kwako, usishike glasi. Hiyo nauli itamnunulia Kassimu tairi mbili. Akirudi kutoka Dar atatuvulia mbili zetu, nne zitabaki kwenye gari lake, na atazilipa kwa bei ya gunia ya msimu huu. Bei hiyo ikiwa ile ya usingizini, tunazichukua tairi zetu na gari linarudi kwenye mawe, safari hii mazima. Msimu unafunguliwa wiki ijayo. Bei ya gunia bado haijatajwa. Tuliyoiomba tulikuletea Ijumaa, na ndani yake kuna vile vitu vya Mama Happiness, hakuna kingine.

Jumatatu utakuta simu juu ya meza ya ofisi. Usijisumbue kutupigia mmoja mmoja. Tupo hapa wote, na hiki kipaza sauti ni spika kubwa kuliko ya simu yoyote. Tumalize leo.

Madereva wenzangu, nawauliza mbele ya Diwani, mbele ya sheikh na mchungaji: kuna mtu humu ameshakubali chini ya bei ile? Nasubiri. Upande wa kule? Josephu, nitazame usoni. Hakuna?

Kassimu! Wewe huko nje! Umeshakubali?

Mmeisikia. Ile ni honi ya Scania kwenye Fuso, na kwa lugha ya Kassimu maana yake hajakubali.

Bwana Anold, safiri salama, barua ya shukrani si lazima. Mheshimiwa Diwani na nyote mlionivumilia huku pilau linanukia, nawashukuru kwa masikio yenu. Bi Modesta, kipaza sauti hiki hapa. Taja bei, dada yangu. Sote tupo kwenye spika.