Neno Moja Siku ya Mahari

Benchi ya mtaa wa Jabe, ile iliyoegemea ukuta wa duka la vipuri, wenyewe wanaiita Sénat, yaani baraza la wazee, kwa kuwa anayeingia hatoki mpaka amechoka au kahawa imekwisha. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri Mwanne, muuza kahawa, huweka birika lake juu ya makaa, harufu ya tangawizi ikawavuta wenyewe mmoja mmoja, na mabishano yakaanza hata kabla vikombe havijafutwa. Jumamosi hiyo benchi ilikuwa na suti. Ndani ya suti alikuwamo Mohamadi, fundi wa magari, mtu ambaye hata siku ya Idi kanzu humtosha. Hakuwa anakaa akatulia. Anainuka, anachungulia barabara, anakaa, anajifuta shingo, anainuka tena.

Alikuwa na pa kwenda. Huko mtaa wa Kinanira, nyumbani kwa Léonce, watu walikuwa wanapanga viti vya mahari ya Laure, binti wa kwanza wa Léonce. Siku kama hiyo baba wa binti hasemi mwenyewe, husemewa. Na msemaji aliyechaguliwa ni Mohamadi. Léonce ni Mkatoliki, Mohamadi ni Mwislamu, na gereji yao ni moja tangu ujana wao. Hakuna aliyeona ajabu, hata Mohamadi mwenyewe, mpaka mpwa wake Anouar alipomwekea tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ndani ya simu.

Ilikuwa zawadi, tena zawadi njema. Tangu utotoni Mohamadi alikuwa anasoma kwa Kiarabu asichokielewa, akikisikia kama mvua juu ya bati: hujui inasema nini, lakini moyo unapoa. Sasa kila alfajiri alikuwa anasoma na kuelewa, mara nyingine machozi yakimtoka. Halafu wiki hiyo akafika kwenye sura ya tano, akakuta waumini wanakatazwa kuwafanya Mayahudi na Wakristo kuwa marafiki. Akasoma tena. Neno halikusogea. Kuanzia hapo sala yake ikawa kama wali wenye mchanga.

— Umemuuliza imamu? akasema Tajudini, anayeitwa Kamusi kwa kuwa hakuna neno asilolijua, hata kama halipo.

— Iko Gitega, kwenye matanga. Simu yake haipite.

— Basi umefika kwa wenyewe. Kiarabu hakisemi marafiki. Kinasema awliyaa, ni wingi ya walii. Na walii ni nani? Ni mutu mutakatifu, alishakufa, watu wanaenda kuzuru kaburi yake. Donc, Léonce akingali muzima, hakuna tatizo. Akikufa ndiyo usimujengee kuba.

— We Kamusi, unachanganya!

Huyo alikuwa Musafiri, muuza vitenge wa kutoka Uvira. Wanamwita Frontière kwa sababu hoja zake zote huvuka mpaka.

— Walii ni ule mwenye kuozesha bibi arusi, akaendelea. Wakati mi nilioa, walii alikuwa kaka ya bibi yangu. Donc aya inasema Mukristo asiozeshe binti yako. Lakini Mohamadi anaenda kusemea binti ya Mukristo. Ni kinyume! Hiyo haikukatazwa. Ni sens unique, kwenda bila kurudi, kama barabara za Rohero.

Mohamadi akainuka tena. Akachungulia barabara.

— Nyinyi wote muko mbali, akasema Bonfils. Pale Sénat, Mkristo ni yeye peke yake, muuza betri, na kwa kupenda kubisha wamempa jina la Avoka, yaani wakili. Siku hiyo alikuwa amenyamaza kupita kawaida yake, kahawa imempolea mkononi. — Mi niliangalia tafsiri ya Kifaransa. Haisemi amis, marafiki. Inasema alliés. Allié ni mambo ya vita, jeshi na jeshi. Sasa Mohamadi na Léonce wanapigana vita gani, zaidi ya injini za Toyota?

— Ngoja, Frontière akadakia. Allié si ni mutu wa alliance?

— Ndiyo.

— Na alliance si ni pete ya arusi?

Benchi nzima ikaipima hoja hiyo.

— Voilà! Frontière akapiga paja. Imekataza pete! Mohamadi, we enda, sema vizuri, lakini pete usiguse.

— Ndiyo maana wahenga walisema, akamalizia Kamusi, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Hiyo inaingia wapi?

— Inaingia popote.

Wakacheka, hata Mwanne akacheka. Anouar hakucheka. Alikuwa ameketi ncha ya benchi, simu mapajani, kikombe hajakigusa.

— Munacheza na kitu isiyochezewa, akasema taratibu. Mujomba, mi simuchukii baba Léonce. Yeye ndiye alinifundisha kuendesha gari. Lakini wale walioandika marafiki walikuwa wanazuoni, walisoma maisha yao yote. Sisi tulisoma nini? Tutachagua neno vile mutu anachagua nyanya sokoni, ile inamupendeza?

Maneno hayo yalimchoma Mohamadi kwa sababu yalikuwa na ukweli. Hicho ndicho kilichokuwa kinamnyima usingizi: kwamba anatafuta neno la kumpa ruhusa.

— Na wale walioandika alliés, akauliza, hawakusoma?

— Walisoma pia, mujomba.

— Na kwa Kiarabu neno ni moja?

— Ni moja.

— Kuna aya ingine, Kamusi akasema, safari hii kwa sauti ya chini, mbwembwe zimemwishia. Inasema wale ambao hawakukupiga vita juu ya dini, hawakukufukuza kwako, haukukatazwa kuwatendea wema.

— Wema ndiyo, Anouar akajibu. Urafiki ni kitu ingine.

— Wema bila urafiki iko namna gani? akauliza Bonfils. Hakuwa anabisha tena, na kila mtu alisikia sauti yake imebadilika. — Niambie, Anouar. Mi niko hapa siku zote. Hii kahawa tunakunywa pamoja, munanitendea wema, ao ni nini?

Anouar akainamia simu yake. Mwanne akaja akamjazia Bonfils kikombe bila kuombwa, kahawa ikafurika mpaka vidoleni. Bonfils akajifuta kwenye suruali.

— Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge! Frontière akapaza sauti, akitafuta kurudisha kicheko. Mohamadi, ulishavaa suti, enda!

— Nimevaa, bwana. Sijavua.

Akainuka, akakaa. Akatoa simu mfukoni, akaigeuzageuza. Alikuwa ameizima tangu asubuhi ili asione jina la Léonce likiwaka. Je, asipokwenda, atasema nini Jumatatu wakikutana chini ya gari moja? Na akienda, atasema nini mbele ya Mola wake? Suti ikambana kwapani kama ya kuazima.

Teksi ikasimama kwa kishindo mbele ya duka. Akashuka Spès, mke wa Léonce, vazi lake la sherehe limefungwa begani, jasho limeanza kumharibia poda. Wazee wa Sénat wakavuta miguu ndani.

— Baba Hayat, habari ya muchana, akamwambia Mohamadi.

— Nzuri, Mama Laure.

— Wageni walishafika. Simu yako haipite. Nilizani umegonjwa.

Mohamadi akaitazama simu aliyoizima. Spès akawatazama mmoja mmoja, macho yakaishia kwenye simu iliyokuwa mapajani kwa Anouar. Maneno ya gereji hayana kuta, huenda alishasikia kinachomsumbua Mohamadi. Kama alikuwa na hasira, aliimeza.

— Sikukuja kubishana na wanaume, akasema. Nataka kitu moja tu. Upande wa kijana ni watu wanatoka mbali, Ngozi, hawakujue. Wakikuona na kofia yako ya Kiislamu umesimama mbele yetu, wataniuliza: huyu ni nani kwenu? Niwajibu namna gani?

Akamtazama Kamusi. Kamusi akakohoa, akajikuna kidevu. Frontière akachungulia ndani ya kikombe kama aliyedondosha kitu. Bonfils akakunja mikono. Kidole cha Anouar kilikuwa juu ya kioo, na kioo kilikwisha kuwa giza. Katika maneno yote waliyorushiana mchana ule, halikuwapo hata moja ambalo mama wa bibi arusi angeweza kulibeba mpaka mbele ya wakwe.

Mohamadi akarudisha simu mfukoni. Wiki nzima alikuwa anajiuliza Léonce ni nani kwake. Swali la mama huyu lilikuwa limetoka upande wa pili, yeye ni nani kwa Léonce, na upande huo hakuwahi kusimama.

— Sijui, Mama Laure, akasema akiinuka. Tuende tu.

— Mujomba, Anouar akasema, naye akisimama. Imamu akirudi nitamuuliza.

— Umuulize. Ata mi nataka kujua.

Kinanira wageni walikuwa wamekwisha kaa, mabibi na vitambaa vyao, wazee na fimbo zao. Msemaji wao, mtu mpole, akatangulia na swali lile lile alilolitabiri Spès: huyu anayetupokea ni nani wa binti? Mohamadi akasimama. Pale walisema Kirundi, na Kirundi kina neno lake la rafiki, lake la ndugu, lake la jirani. Yote yalimpitia ulimini, hakuna lililokubali kukaa.

— Mi ni mutu wa nyumba hii, akasema.

Mzee wa Ngozi akaitikia kwa kichwa, makofi yakapigwa, wakaingia kwenye mazungumzo ya ng'ombe wa mahari. Zamu yake ilipokwisha Mohamadi akaketi. Léonce, ambaye desturi ilimtaka anyamaze, akamwinamia na chupa ya Fanta.

— Ulichelewa, akanong'ona. Nilizani hauji.

— Ata mi.

Léonce akaifungua ile chupa mwenyewe. Akamwekea Mohamadi mkononi.