Gasto Mazengo na Mashine ya Alizeti ya Iguguno

Wazee wetu shikamooni, nanyi nyote mliokuja kumsindikiza baba, naitwa Damari, mtoto wake wa pili, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Baba yetu Gasto Mazengo alizaliwa Kintinku tarehe 14 Machi 1950, akasoma huko huko hadi darasa la nne, na mwaka 1971 akaajiriwa kwenye mashine ya kusaga ya ushirika hapa Iguguno, alikofunga ndoa na mama yetu Magdalena tarehe 8 Septemba 1979, wakajaliwa watoto watatu, Elisha, mimi na Faith.

Ushirika ulipoacha kuendesha mashine yake mwaka 1993 na watu binafsi wakaanza kuleta za kwao, mmoja wao, Mzee Chediel, alimchukua kukamua alizeti, kazi inayotaka moyo uliotulia, maana mwenye hasira huishindilia mashine mbegu hadi ikakwama, ndiyo sababu kila asubuhi baba alikaa kwanza juu ya magunia, kimya, mpaka ajione yuko sawa. Wenzake walimtania, "Mzee Gasto, magunia yamesemaje leo?" naye akajibu, "Yanasema msubiri." Nikimpelekea uji nilimkuta hapo, ananukia mashudu ya alizeti iliyokamuliwa, na hadi leo harufu ile kwangu ni baba.

Mwezi Mei 2001 mama aliugua, nami nikaacha kidato cha pili nimuuguze, nikamficha baba, hadi tarehe 12 Juni mwalimu wangu alipoleta alizeti yake akamuuliza mbona Damari haonekani. Siku hiyo baba alishindilia mbegu kwa hasira, mhimili wa mashine ukavunjika katikati ya msimu. Fundi alisema chuma kimechoka, lakini baba akamwambia Mzee Chediel, "Si chuma, ni mimi," akarudi nyumbani akijua kazi imekwisha. Siku ya tatu Mzee Chediel alikuja mwenyewe, akasema, "Mhimili nitaupata Singida mjini, mtu wa kusema hivyo nitamtoa wapi?"

Mama alipona, baba akarudi kazini, lakini mimi niliamini nimemvunjia heshima yake ya miaka mingi, na sikuthubutu kumuuliza.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2003 alianza kuumwa figo, akalazwa Singida, akafariki tarehe 19 Agosti. Siku mbili kabla ya hapo aliniambia, "Mama, siku ile sikukukasirikia wewe. Nilijikasirikia mimi, nilitulia sana kazini, nyumbani sikuona."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea kuni na maji, Mzee Chediel na wenzake wote wa mashineni.

Baba, nimekusikia. Pumzika.