Unyayo Uliofunikwa kwa Ungo: Buriani ya Kwihara kwa Sajini Tobias Ngollo

Kwihara, 27 Juni 1955

Kwa Bwana Mkuu wa Polisi wa Tabora, maofisa, askari na wageni wote wa sherehe: pokeeni salamu zetu za heshima, pamoja na ombi la radhi. Maneno haya yalitakiwa yawafikie siku nane zilizopita. Uzee si udhuru; kila nilipofika habari za mwaka 1948, kalamu yangu ilisimama.

Tarehe 30 Juni Sajini Tobias Ngollo anastaafu, baada ya kulitumikia jeshi la polisi kwa miaka ishirini na minne. Alizaliwa Puge, akasoma kwa wamisionari Wamoraviani, akaanza kazi mwaka 1931 kama askari wa zamu mjini Tabora. Wengine watazieleza nishani zake. Sisi walinzi wa kujitolea wa Kwihara, ambao mimi ni karani wao, tungependa kuzieleza Jumapili zake.

Siku hiyo hakuwa na zamu. Alikuja kwa baiskeli, akaketi nje ya kanisa letu hadi misa iishe, apate kuzungumza nasi juu ya ulinzi wa kijiji. Miezi ya kwanza watu walitoka kwa mlango wa nyuma, kila mmoja akihofu kwamba ndiye anayesubiriwa. Padri alilalamika kuwa mlango wa sakristia umegeuka barabara kuu.

Jumapili moja ya mwaka 1948, mjane Josepha aliamka akakuta ng'ombe wake sita wameibwa. Akapiga mwano, yowe letu la hatari, nasi wanaume, kama ilivyo desturi, tukakimbilia zizini sote. Na kwa kukimbilia huko tukazikanyaga nyayo tulizokuja kuzitafuta. Pembeni zilisalia alama chache za katambuga, viatu vya tairi, zenye mkato wa pembetatu kisiginoni. Mkato huo ulikuwa wa Fundi Shomari, mshona viatu aliyehamia kwetu mwaka ule. Mimi, mwalimu mstaafu niliyeaminiwa, ndiye niliyemtaja. Wakamtoa nyumbani kwake, wakamfunga kamba, na baadhi yetu walikwisha kuokota mawe.

Sajini alitukuta hapo akiwa njiani kuja kanisani. Hakupiga filimbi. Alisimama mbele ya Shomari, akatuamkia wazee kwanza, kisha akasema, "Wazee wangu, naomba kila mmoja ainue mguu wake wa kulia."

Tukainua. Wanaume ishirini na watatu walikuwa na mkato ule ule, nami nikiwa mmoja wao. Bibi Tekla akasema, "Basi wafunge wote, baba, sisi wanawake tupumzike." Watu wakacheka, mawe yakaanguka.

Ndipo marehemu mke wangu Imakulata, jirani wa Josepha, alipopata nafasi ya kusikika. Alikuwa ametutangulia zizini, akafunika unyayo mmoja kwa ungo wake. Kisigino cha unyayo huo kilikuwa kimelika upande mmoja. Sajini na walinzi waliufuata unyayo ule siku tatu, kijiji kikiupokeza kijiji, hadi Goweko. Huko wakawapata ng'ombe watano, na mtu tusiyemjua, aliyenunua katambuga za Shomari sokoni Tabora.

Tangu hapo, mwano ukilia Kwihara, wanawake hutangulia na nyungo, wanaume husubiri nje ya zizi, na mtuhumiwa hufikishwa kwa polisi akiwa mzima. Vijiji saba vimetuiga.

Sajini, ulitukuta tukiwakimbia polisi, unatuacha tukiwaita. Asante. Mungu akujalie usingizi usiokatizwa na zamu, na shamba lako la Puge lisikose mvua.

Barua hii inaletwa na Fundi Shomari, pamoja na katambuga mpya alizokushonea. Miaka saba nimemsalimia kila siku bila kumwomba radhi. Jana nilimsomea yote yaliyotangulia hapa. Akasema tu kwamba nimechelewa, kisha akaishika barua kwa mikono miwili, akakubali kuileta.

Wako mtiifu,
Dionis Limbu
Karani wa Walinzi, Kwihara