Kidole cha Shira

Asalaam aleikum. Wa kanisani, Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu, shikamooni. Mnanijua, mimi kusema siogopi, lakini hili la leo nimeliogopa tangu juzi nilipoambiwa nisimame kwenye mkutano huu wa afya. Sitataja jina la mtu.

Wengi hapa Mchinga mmekula mkono wangu. Harusi, maulidi, hitima, ubatizo, anayepika ni mimi na mwenzangu mmoja. Basi mwaka jana nikawa nachoka ovyo, kiu haiishi, nikaenda zahanati. Wakanipima asubuhi sijala kitu, na asubuhi nyingine tena. Muuguzi akaniambia, "Mama, ni sita nukta sita. Kisukari bado, ila uko mpakani. Ukiangalia chakula na ukatembea kwa miguu, unaweza kurudi nyuma."

Ndugu zangu, nawaambia, nilisikia neno moja tu: kisukari. Marehemu mama yangu, kule Kilangala, alianza na kidonda cha kidole cha mguu, akaishia kukatwa mguu, na mimi ndiye niliyekuwa nambeba kumpeleka chooni. Mama alikuwa mwanamke mwenye haya. Kila nikimbeba alijifunika uso na kanga. Nilipotoka zahanati nilikuwa naviangalia vidole vyangu vya miguu njia nzima.

Nyumbani sikusema. Mume wangu akauliza, "Wamesemaje?" Nikamjibu uchovu tu, wamenipa dawa za minyoo. Mwanangu wa Dar ndiye niliyemwambia, nikamwapisha asimwambie mtu, akanitumia kimashine cha kupimia. Karatasi yake ya maelezo ina Kizungu kitupu, maandishi madogo kama chawa. Nikaona si kitu, zahanati nimeshawaona: toboa, kamua, weka tone, subiri.

Wiki hiyo kulikuwa na harusi, na siku tatu kabla yake, asubuhi mapema, nikabandika shira ya visheti. Kwa wanaume msiojua, shira ni sukari na maji, unachemsha mpaka iwe nzito. Kujua imeiva, unachovya kidole, unakibana na gumba, unaachanisha. Ikivuta uzi, epua. Nikachovya, nikabana, bado. Nikachovya tena, bado. Hapo nikakumbuka sijapima. Nikajifuta mkono kwenye kanga, nikaingia ndani, nikatoboa kidole kilekile.

Kumi na nane nukta mbili.

Nikarudia, kidole hichohicho. Kumi na saba.

Msicheke. Ninyi mmeshaukisia mwisho wake, mimi sikuujua. Nilikaa kitandani nikauona mguu wa mama. Nje shira ikaungua, kitu ambacho hakijapata kunitokea, na mwenzangu akapiga kelele, "Dada, unaunguza! Una nini leo?"

Tangu saa ile nikaacha kula. Siku tatu, majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na chai kavu isiyo na sukari. Nikapima kila nilipopata nafasi. Nikipima nimetoka kuoga, tano. Nikipima katikati ya kazi, kumi na tatu. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi niliendelea kujitoboa tu mpaka vidole vikaniuma. Nikafungua sanduku, nikatoa kanga ambazo sijazivaa, nikazigawa mafungu mawili, la binti mkubwa na la mdogo. Nilizikunja huku nalia. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba nakufa, na kilichonitisha zaidi ya kufa ni kubebwa.

Siku ya harusi nikiwa naweka makaa juu ya mfuniko wa pilau, macho yakaingia giza. Nikaanguka, na mkono ukatua juu ya makaa. Kovu hili hapa, wa nyuma mtaliona baadaye.

Wakanipakia bajaji hadi zahanati. Muuguzi yuleyule. Akanisafisha mkono, akanipima, akasema, "Sukari imeshuka sana, mama. Umekula nini leo?" Nikaangua kilio. Nikamweleza yote: kumi na nane, mwarobaini, kanga. Akauliza, "Hiyo kumi na nane, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Naangalia shira."

"Ulinawa mikono?"

Jamani. Mimi ambaye kwenye shughuli nafukuza watu kwenye sufuria kwa sababu hawajanawa.

Nilipopata nguvu akaniita asubuhi, sijala. Nikanawa kwa sabuni, nikajikausha, akanipima: sita nukta nne. Halafu akaniambia nichovye kidole kingine kwenye maji ya sukari, nijifute kwa kanga kama nilivyofanya siku ile. Kumi na sita! Damu ni ileile, mtu ni yuleyule. Niliruka, nikasema alhamdulillahi, basi sina kitu!

Akanishika bega, "Kaa, mama. Sita nukta nne bado ni mpakani. Na ukishamaliza kubana shira, kile kidole unakifanya nini?"

"Nakilamba."

"Mara ngapi kwa siku?"

Maisha yangu yote ya upishi nimejisemea mimi kwenye shughuli sili, naonja tu. Kijiko cha tambi, kipande cha kisheti, mchuzi, shira. Siku ya shughuli nilikuwa naonja kuanzia asubuhi hadi watu wanatawanyika.

Nilipomwambia mume wangu, alikasirika kuliko nilivyotegemea. "Ulitaka nikuzike bila kujua unaumwa nini?" Hakunisemesha siku mbili. Ya tatu akaniamsha baada ya sala ya alfajiri, akasema, "Vaa viatu, tutembee." Tunatembea mpaka leo.

Sijapona, nisiwadanganye. Leo asubuhi nimenawa, nimepima, sita nukta mbili. Kuna siku inapanda na roho inanidunda, lakini siku hizi najiuliza kwanza: nimekula nini, saa ngapi, mkono ni safi? Nikiona sielewi, naenda kuuliza.

Namshukuru muuguzi yule aliyeuliza badala ya kunigombeza. Namshukuru mwenzangu, ambaye sasa ndiye anayeonja, na chumvi anazidisha, mnisamehe. Namshukuru mwanangu, na mume wangu. Nawaomba kitu kimoja, msikae na namba peke yenu chumbani. Ipelekeni kwa anayejua kuisoma. Beseni lile pale, na sabuni, na muuguzi wetu ana sindano mpya kwa kila mtu. Anayetaka kupimwa leo aanze kwa kunawa.

Na zile kanga? Nilizirudisha sandukuni, na mabinti niliwasimulia jinsi nilivyokuwa nimewagawia. Hii niliyovaa ilikuwa kwenye fungu la binti yangu mdogo. Jana ameiona, akasema, "Mama, si ulisema hiyo ni yangu?"

Nikamwambia subiri.